UZI: Kwa nini Waswidi wanahamisha mji wa Kiruna badala ya kufunga mgodi?

Kisiki_cha_Mpingo
Wakuu, salaam.

Tangu Agosti 2025 nilipoona video ya kanisa likipita barabarani zima zima, jambo hili halijanitoka. Ni Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, ndani ya Duara la Aktiki. Kanisa la mwaka 1912, tani 672, limekalishwa juu ya matrela yanayojiendesha, likasogezwa kilomita 5 kwa siku mbili, tarehe 19 na 20. Madhabahu imo ndani, kinanda kimo ndani. Barabara ilikuwa na upana wa mita 9, wakaipanua hadi mita 24 ili lipite.

Sababu ni mgodi wa chuma. Ardhi inapasuka, nyufa zinasogea kuelekea mjini, kwa hiyo mji wote umehamishwa.

Hapo ndipo ninapokwama. Nchi tajiri kama ile ingeweza kusema basi, tumechimba zaidi ya miaka mia, inatosha, watu wakae kwao. Badala yake wanang'oa watu, ofisi, kanisa, hata makaburi yanaachwa nyuma. Mimi nasema ni fedha tu. Mgodi ni wa serikali, na serikali haiwezi kulala njaa kwa ajili ya mtaa wa watu. Mwenye maelezo tofauti alete.

Ngosha_Halisi
Nimeweka kigoda hapa. Watu wa baruti njooni.

Mwalimu_Jiografia
Mkuu Kisiki, mada nzuri, ila turekebishe mawili.

Kwanza, si mji wote uliohamishwa. Ni sehemu ya mji wa watu kama 18,000. Kampuni ya LKAB, yenye mgodi huo, ilitangaza mwaka 2004 kwamba sehemu ya mji italazimika kuondoka, na katika awamu hii wanaoguswa ni kama watu 6,000. Kituo kipya cha mji kiko kilomita 3 mashariki ya kile cha zamani, kilizinduliwa Septemba 2022. Ofisi ya halmashauri ilitangulia, jengo la duara linaloitwa Kristallen, lilifunguliwa 2018.

Pili, makaburi: kanisa limepelekwa jirani na eneo la makaburi. Si kwamba wamekimbia wafu wao.

Kuhusu swali lako, jibu langu ni moja: bila mgodi Kiruna haipo. Pale hakukuwa na mji kabla ya chuma. Kampuni ilianzishwa 1890, mji ukaanzishwa 1900, reli ya kwenda Narvik, bandari ya Norwei, ikakamilika 1902. Meneja wa kwanza, Hjalmar Lundbohm, alikuwa mwanajiolojia, na ndiye aliyesimamia mji upangwe vizuri: shule, hospitali, nyumba za wafanyakazi, mitaa imepindwapindwa ili upepo usipate njia ya kukimbia. Ukifunga mgodi umefunga mji. Kuuhamisha ndiyo njia ya kuuokoa.

Kisiki_cha_Mpingo
Mwalimu, asante kwa marekebisho. Lakini hoja ya "mji upo kwa ajili ya mgodi" ndiyo hiyo hiyo tunayoambiwa huku kila siku. Mtu akishazaliwa mahali, akaoa, akazika wazazi wake, hapo ni kwao, hata kama babu yake aliletwa na ajira.

Baruti_Kavu
Wakuu, mmeruka swali la msingi. Nimefanya kazi chini ya ardhi kanda ya ziwa, acha nieleze mwamba wenyewe, maana mwamba ndio unaoamua kabla ya wanasiasa.

Chuma cha Kiruna ni bapa moja refu la magnetaiti, yaani jiwe lenye chuma kingi, urefu kama kilomita 4, unene wa mita 80 hadi 120 hivi. Halikusimama wima wala halikulala. Limeinama kama ubao ulioegemezwa ukutani, kiasi cha nyuzi 60, na linainamia upande wa mji. Kwa hiyo kila wanaposhuka chini, ndivyo wanavyozidi kuingia chini ya mji. Zamani walikata kilele cha mlima Kiirunavaara kwa shimo la wazi, miaka ya 1960 wakaingia chini moja kwa moja. Sasa ngazi kuu ya kusafirishia mawe iko mita 1,365.

Halafu kuna namna ya kuchimba. Wanatoboa njia za pembeni kwa ngazi ngazi, kwenye kila ngazi wanalipua bapa lililo juu yao, mawe yanaanguka, mitambo inazoa. Pale palipotolewa chuma hapajazwi. Mwamba wa juu unaachwa uporomoke wenyewe ujaze pengo. Mporomoko huo unapanda taratibu hadi juu ya ardhi, ndipo unaona ufa, ardhi inashuka, nguzo inainama. Hiyo si ajali. Ndiyo njia yenyewe ya uchimbaji, na wataalamu walijua tangu zamani kwamba itafika.

Kwa hiyo jibu langu: mji umehamishwa na nyuzi 60. Bapa lingeinamia upande wa pili tusingekuwa na uzi huu.

Dada_Tengeru
Baruti_Kavu, hapo umenifungua. Lakini kwa nini hawajazi? Nilisoma kwamba Bulyanhulu wanarudisha masalia ya mawe yaliyosagwa na saruji wanajaza mashimo. Wazungu wa kaskazini wameshindwa?

Baruti_Kavu
Dada, swali la maana. Bulyanhulu ni dhahabu. Mkanda wa dhahabu ni mwembamba, tani moja ya mawe inabeba thamani kubwa, unaweza kumudu kujaza. Chuma ni bidhaa ya wingi. Kiruna wanatoa mamilioni ya tani kila mwaka, ukisema kila tani inayotoka ujaze tope la saruji mahali pake, bei ya chuma inakufukuza sokoni. Halafu ili ujaze mara nyingi inabidi uache nguzo za mwamba wenye chuma zikushikilie dari, maana yake unaacha mali chini.

Inawezekana kitaalamu. Hesabu ndiyo inayokataa.

Kisiki_cha_Mpingo
Kwa hiyo tumerudi kwangu. Fedha.

Mkongo_wa_Baridi
Ndugu zangu, habari zenu. Mimi ni mtu wa Kolwezi, Kongo, sasa naishi Luleå, mji wa bandari ambako treni za chuma za upande wa kusini zinaishia. Kiruna nafika mara nyingi, nina shemeji yangu anafanya usafi katika majengo huko.

Papa Baruti, umesema sawa, ila hiyo mita 1,365 inahesabiwa kuanzia kilele cha zamani cha mlima, kilele ambacho chenyewe hakipo tena. Si kina kutoka barabarani.

Siku ya kanisa nilikuwepo. Mnasema lilitembea, lakini ukisimama huoni likitembea. Unachagua nguzo ya taa, unalitazama dirisha la kanisa, baada ya muda dirisha limeipita nguzo. Watu walibeba viti vya kukunja na chupa za kahawa. Kuna mama mmoja mzee mbele yangu hakupiga picha hata moja, alikuwa anataja majina ya waliobatizwa humo, mmoja mmoja, anamwambia mjukuu. Mfalme wao naye alikuja siku ya pili.

Ila kitu ambacho video haikuwaonyesha ni usiku. Kila usiku baada ya saa saba wanalipua chini. Nikilala kwa shemeji, kitanda kinatikisika kidogo, vikombe kabatini vinagongana, halafu kimya. Wenyeji hawaamki. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 2020 ndio walioamka wote, mtikisiko ulifika kama 4.9 kwenye kipimo cha matetemeko, ulisababishwa na mgodi wenyewe.

Ngosha_Halisi
Vikombe vinagongana na watu wamelala! Hao ni wanaapolo wa kweli. Kisiki ungeshahamia kwa mjomba siku ya kwanza.

Jirani254
Niaje wadau. Mimi nawaandikia kutoka Pwani ya Kenya. Wacha niongeze kitu kwa hoja ya Mwalimu. Huku Kwale uchimbaji wa mchanga wa titani ulisimama Desemba 2024, mali iliisha. Vibarua, wauza chakula, wenye nyumba za kupanga, wote walibaki wakitazamana. Mimi binafsi nilikuwa napeleka mboga, wateja wangu walipungua kabla hata geti halijafungwa. Kwa hivyo mtu akiniambia Kiruna wangefunga mgodi ili walinde mtaa, namuuliza huo mtaa ungelishwa na nini?

Mwalimu_Jiografia
Jirani umenena. Na huko huko kaskazini mifano ipo. Katika visiwa vya Svalbard kuna Pyramiden, mji wa makaa ya mawe wa Warusi, mgodi ulifungwa 1998 na watu wakaondoka. Majengo yapo, sanamu ya Lenin ipo, wakazi wa kudumu hakuna. Na Longyearbyen, mgodi wa mwisho wa makaa wa Wanorwei visiwani humo umefungwa katikati ya 2025, ila wenyewe waliwahi kujenga utalii na chuo, ndiyo maana mji bado unapumua.

Mama_Kanda_ya_Ziwa
Samahani wanangu, naomba niulize kuhusu watu. Mnaongea mwamba na bei, mimi nataka kujua wanalipwaje.

Sisi tulipimwa. Sitataja mgodi. Mthamini alikuja asubuhi, akahesabu miti ya mikahawa, migomba, mabati ya nyumba, akapiga picha nimeshika kibao chenye namba mbele ya mlango. Tukaambiwa tusipande tena cha kudumu wala tusijenge. Misimu ikapita. Nyumba ikaanza kuvuja na hatukuruhusiwa kuongeza hata chumba, mtoto wangu wa kiume akaoa akaenda kupanga mjini. Fedha zilipokuja, bati lilikuwa limepanda bei na kiwanja kimepanda bei. Kilichoniuma zaidi ni ule muda wa kungoja, kuliko hata kiasi.

Sasa hao wa Kiruna wameambiwa mwaka 2004. Wengine wanahama leo. Nao walingoja. Walikuwa wanapaka rangi nyumba zao au waliacha?

Mkongo_wa_Baridi
Mama, shikamoo. Swali lako ndilo wanalosema hata wao. Mwenye nyumba yake anachagua: anunuliwe kwa bei ya soko pamoja na asilimia 25 juu yake, au ajengewe nyumba nyingine. Hapo wako mbele yetu mbali. Lakini wengi hawana nyumba, ni wapangaji, na nyumba mpya kodi yake iko juu. Na kungoja kulikuwepo. Shemeji anasema watu waliishi miaka bila kujua mtaa wao ni mwaka gani. Bafu linaharibika, unajiuliza nilitengeneze au niache? Maduka yalihama kwanza, mtaa wa zamani ukabaki na taa chache.

Wakili_wa_Kona
Mama, shikamoo. Kwa faida ya wote: kwetu Tanzania fidia inaongozwa na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 na sheria za ardhi za 1999. Unapaswa kulipwa thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na upotevu wa faida. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa kuna riba. Kwa maandishi tuko vizuri.

Na hii inanifanya nimpinge Kisiki na Baruti wote wawili. Kiruna imehama kwa sababu sheria yao inamlazimisha mchimbaji alipe uharibifu wote, na mchimbaji yupo, ana fedha, hawezi kukimbia. Mahali ambapo mchimbaji anaweza kuuza hisa akaondoka, mji hauhamishwi. Unaachwa upasuke.

Kisiki_cha_Mpingo
Wakili, lakini mchimbaji ni serikali yenyewe. Amejilipa mwenyewe. Tangu mwanzo mgodi ni wa umma.

Mwalimu_Jiografia
Hapana, si tangu mwanzo. Ulianza kama mali ya watu binafsi. Serikali iliingia na nusu ya hisa mwaka 1907, ikachukua karibu zote 1957, na zilizobaki 1976.

Dada_Tengeru
Na umma wenyewe haukuwa na raha nao. Desemba 1969 wachimbaji wa migodi ya Svappavaara, Kiruna na Malmberget waligoma, kama watu 4,800, siku 57, bila baraka za chama chao cha wafanyakazi. Mwajiri alikuwa serikali ya Social Democrats, chama cha siasa cha wafanyakazi! Walilalamikia mishahara na namna ya kutendewa kazini. Sasa mtu asiniambie watu wa kule ni wapole wanaokubali kila kitu. Wanajua kukataa. Kwa nini hili la kuhama hawakulikataa? Nadhani kwa sababu karibu kila nyumba kuna mtu anayekula mgodini. Utamgomea vipi anayekulipa mshahara na pia anakununulia nyumba?

Baruti_Kavu
Dada Tengeru ameleta hoja ambayo sikuifikiria. Umetaja Malmberget, nayo iangalieni. Ni kama kilomita mia hivi kusini ya Kiruna, kampuni ile ile. Pale shimo lilijitokeza katikati ya mji, likakua hadi likaugawa mji vipande viwili, likawekewa uzio. Kanisa lao lilihamishwa 1974. Sasa sehemu kubwa ya mji imebomolewa, watu wengi wamepelekwa mji jirani wa Gällivare. Kwa hiyo Kiruna walikuwa na jirani wa kujifunza kwake. Waliona ukingoja shimo likufuate inakuwaje.

Mzee_wa_Karafuu
Assalaam aleikum vijana. Nimesoma taratibu. Nyote mnazungumza habari za kampuni na mji, na hamjamtaja mwenye ardhi. Kabla ya 1900 pale palikuwa pa Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Wao walihamishwa lini, na nani aliwapimia?

Mwaka 2023 mwezi wa Januari wametangaza kwamba pembeni ya Kiruna kuna madini adimu (rare earths), mwamba unaitwa Per Geijer, zaidi ya tani milioni moja za oksidi zake, kiasi kikubwa kuliko kingine chochote kilichokuwa kinajulikana Ulaya wakati huo. Furaha tupu magazetini. Lakini jumuiya ya wafugaji iitwayo Gabna wanasema mgodi huo utafunga njia yao ya mwisho ya kupitisha mifugo kutoka malisho ya milimani kwenda ya msitu. Upande wa magharibi umeshaliwa na mgodi wa sasa na reli na barabara. Wakiziba na huku, mnyama apite wapi?

Kanisa limebebwa kwa heshima, na mimi nalisifu jambo hilo kwa moyo wangu. Njia ya mifugo haibebeki juu ya trela.

Ngosha_Halisi
Mzee umetunyamazisha. Shikamoo yako.

Mama_Kanda_ya_Ziwa
Maalim, hapo umesema neno. Hata kwetu mthamini alihesabu miti na bati. Njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji hakuihesabu, kisima cha kijiji walisema ni cha wote kwa hiyo hakuna wa kulipwa.

Mkongo_wa_Baridi
Ni kweli Mzee. Na kanisa lenyewe limejengwa kwa kufuata umbo la hema la Kisami, paa lake limeshuka hivyo.

Jirani254
Swali la pembeni, mnisamehe. Huko giza inakuwaje? Na mtu anaweza kupata kazi ya kuendesha zile treni?

Mkongo_wa_Baridi
Kuanzia Desemba jua halitoki kwa wiki tatu hivi, mchana ni rangi ya buluu kwa saa chache, kisha basi. Mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai halizami, unaweka pazia nene ili mtoto alale. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri ipo, nywele za puani zinaganda ukivuta pumzi. Gari unalichomeka kwenye umeme usiku ili injini iwake asubuhi.

Treni: mabehewa 68, kila moja kama tani 100 za chuma, yanakwenda Narvik upande wa Norwei, kama kilomita 170, kwa sababu bandari ile haigandi, mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki unaipasha. Luleå kwetu bahari inaganda. Wakishuka milima kwenda Narvik wakiwa na mzigo, breki zinazalisha umeme. Kazi zipo, lakini lugha kwanza, ndugu yangu. Kiswidi hakikwepeki.

Ngosha_Halisi
Jirani ameshafungua ukurasa wa viza. Mboga za Kwale nani atapeleka?

Jirani254
Nitatuma hata mchicha kwa hiyo treni!

Wakili_wa_Kona
Turudi. Mkongo, wewe umetoka Kolwezi. Hukutuambia kwenu.

Mkongo_wa_Baridi
Nilikuwa najizuia, maana nikianza sitanyamaza.

Kolwezi nayo imekaa juu ya mali. Mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 mtu alichimba uwanjani kwake akakuta kobalti. Baada ya muda kila ua lina shimo, wanachimba ndani ya vyumba, wanatandika turubai, handaki linapita chini ya kitanda cha jirani. Mjomba wangu alikuwa na nyumba ya matofali ya vyumba vitatu. Sakafu ya sebule ilizama pembe moja, mlango ukakataa kufunga. Akaweka kabari ya ubao, wakaendelea kulala humo. Mwaka 2017 serikali ya mkoa ikaigawa sehemu ya mtaa kwa kampuni, familia mamia zikaondoshwa. Mjomba alipewa fedha mkononi, akahesabu, akasaini, wiki ile ile akapakia bati zake kwenye lori. Hakuna aliyelibeba kanisa. Lilibomolewa.

Kwa hiyo nikiwa pale Agosti, watu wanalia kwa sababu kanisa linahama, mimi nilikuwa nalia kwa sababu linahama zima. Ndiyo maana sikubaliani na Kisiki kwamba ni fedha tu. Kobalti ni fedha zaidi ya chuma. Fedha peke yake haikuhamisha chochote Kasulo.

Kisiki_cha_Mpingo
Pole sana ndugu yangu. Sijui niseme nini juu ya mjomba.

Ila bado sijaachia hoja. LKAB inatoa karibu asilimia 80 ya chuma chote kinachochimbwa Umoja wa Ulaya. Hiyo ndiyo nguvu iliyobeba kanisa: nchi haiwezi kuachia chuma hicho, basi gharama yoyote italipwa ili watu wasipige kelele. Nusu bilioni ya krona kwa kanisa moja.

Mwalimu_Jiografia
Hapo kwenye fedha kuna jambo. Halmashauri ya Kiruna yenyewe haichumi kama mnavyodhani. Uswidi halmashauri inaishi kwa kodi ya mapato ya wakazi wake. Faida ya mgodi inakwenda Stockholm. Na wafanyakazi wengi wa siku hizi wanapanda ndege kuja zamu, wanarudi kwao kusini, kodi yao inalipwa huko huko. Hata ada ya madini kwa leseni mpya ni elfu mbili kwa kila milioni ya thamani, asilimia 0.2, na sehemu kubwa ya hiyo anapewa mwenye ardhi. Sisi mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6, na halmashauri inachukua ushuru wa huduma kwenye mauzo. Kwa hilo, mkuu wa halmashauri wa Kiruna angetuonea wivu.

Wakili_wa_Kona
Kama ushuru wenyewe unafika na unaonekana, Mwalimu. Nimeshaona zahanati iliyojengwa kwa fedha hizo, na nimeshaona msingi wa zahanati uliota nyasi.

Dada_Tengeru
Hivi wenyewe wanaipenda Kiruna mpya? Maana picha nilizoona ni majengo marefu, mitaa imenyooka. Mwalimu alisema Lundbohm alipinda mitaa kwa ajili ya upepo.

Mkongo_wa_Baridi
Vijana wanaipenda, maduka yako pamoja, kuna ukumbi mzuri, bwawa. Wazee wanalalamika upepo na kivuli. Kuna watafiti wa Gothenburg waliosema kituo kipya kimekaa bondeni ambako hewa ya baridi inajikusanya, wakati mji wa zamani ulikuwa mteremkoni unapata jua. Nyumba chache za mbao za zamani zilibebwa nzima, ikiwemo ile ya Lundbohm mwaka 2017. Nyingi zilibomolewa. Ofisi ya zamani ya halmashauri, jengo la miaka ya 1960 lenye mnara wa saa wa chuma, ilivunjwa, mnara tu ndio ukahamishwa, sasa umesimama mbele ya Kristallen.

Kituo cha treni cha zamani kilifungwa 2013. Kile cha muda kiko nje ya mji, unashuka na mizigo kwenye theluji unangoja basi.

Baruti_Kavu
Na haijaisha. Siku chache baada ya sherehe ya kanisa, mwishoni mwa Agosti 2025, kampuni ilitangaza kwamba watu wengine kama 6,000 na makazi kama 2,700 watalazimika kuondoka. Bapa linaendelea chini, na hawajalifikia mwisho wake.

Mama_Kanda_ya_Ziwa
Wengine tena? Baada ya kahawa na mfalme?

Mzee_wa_Karafuu
Ndiyo binti yangu. Na mwamba ule wa madini adimu bado hawajaanza. Kampuni yenyewe ilisema itachukua miaka 10 hadi 15.

Wakili_wa_Kona
Kwa wenzangu wa Songwe, Ngualla nako ni madini adimu. Wakazi waanze mapema kuweka kumbukumbu: picha za nyumba zenye tarehe, risiti za vifaa, mipaka ya mashamba, njia za mifugo na visima viandikwe kwenye kumbukumbu za kijiji kabla mthamini hajafika. Mama ametueleza kilichoachwa nje ya karatasi.

Kisiki_cha_Mpingo
Nimepata majibu matano kwa swali moja: fedha, nyuzi 60, sheria, ajira ya kila nyumba, na kumuona jirani Malmberget. Mimi nabaki na fedha.

Baruti_Kavu
Nami na mwamba.

Mama_Kanda_ya_Ziwa
Baba Mkongo, ukienda tena kwa shemeji niulizie kitu kimoja. Hao 6,000 wa sasa, wakishaambiwa, wanaruhusiwa kutengeneza nyumba zao wakati wanangoja? Na wakitengeneza, ile gharama inahesabiwa kwenye bei?

Mkongo_wa_Baridi
Naenda mwisho wa mwezi, Mama. Nitamuuliza jirani yake wa ghorofa ya chini, naye yumo kwenye orodha mpya. Nikipata jibu nalileta hapa hapa.